Maswali yenu: Rainald von Dassel, askofu mkuu wa Cologne

Tulipogusia hapa safari ya mifupa inayoheshimiwa kuwa ya Mamajusi, kutoka Milan hadi Cologne, wengi mliuliza kuhusu aliyeisafirisha, Rainald. Nayajibu maswali manne.

Mtoto wa kabaila alifuata nini kanisani?

Alifuata cheo. Rainald alizaliwa karibu mwaka 1120 katika ukoo uliotawala Dassel, kaskazini mwa Ujerumani, lakini milki ya baba ilirithiwa na kaka yake, Ludolf. Kwa mtoto mdogo wa nyumba ya namna hiyo, Kanisa ndilo lililokuwa na elimu na nafasi za kupanda. Alisomea Hildesheim, akapata vyeo katika kanisa kuu la huko, na mwaka 1156 Frederick Barbarossa, Kaisari wa Dola Takatifu ya Kiroma iliyotawala Ujerumani na kaskazini mwa Italia, akamfanya kansela wake, yaani mkuu wa ofisi yake ya maandishi. Barua na mikataba ya dola iliandikwa kwa Kilatini, na walioimudu lugha hiyo wengi wao walikuwa watu wa Kanisa.

Ni kweli alikuwa askofu mkuu kabla ya kuwa padre?

Ni kweli. Alichaguliwa mwaka 1159, akapewa daraja takatifu mwaka 1165 tu. Askofu mkuu wa Cologne alikuwa pia mtawala, mwenye ardhi, mahakama, ushuru na askari, na Kaisari alitaka mtu wake akalie kiti hicho. Mwaka huohuo wa 1159 walichaguliwa mapapa wawili. Rainald akasimama na Victor IV, mgombea wa Kaisari, na mwaka 1163 yule papa mwingine, Alexander III, akamtenga na Kanisa. Ninapowafikiria waumini wa Cologne naona walidhulumiwa: kwa miaka sita mchungaji wao mkuu hakuweza hata kuwaadhimishia Misa.

Mifupa ya Mamajusi aliipataje?

Aliipata kama ngawira. Milan ilisalimu amri mwaka 1162 baada ya kuzingirwa na jeshi la Kaisari kwa muda mrefu, mji ukabomolewa, na Kaisari akamkabidhi Rainald masalia hayo. Tarehe 23 Julai 1164 aliyaingiza Cologne. Huo si uchaji mtupu. Mji wenye masalia ya wale waliomsujudia Mtoto Yesu ulivuta mahujaji, na mahujaji walileta sadaka na biashara. Tena Mamajusi walikuwa wamekwisha kuitwa wafalme, nao wafalme wa Ujerumani wakawa wanafika Cologne kuwaheshimu baada ya kutawazwa Aachen.

Sanduku walimowekwa lilianza kutengenezwa karibu mwishoni mwa karne hiyo, na fundi wake mashuhuri ni Nicholas wa Verdun. Lina urefu wa mita 2.2 hivi, limefunikwa dhahabu na fedha, limepangwa sanamu za manabii na mitume ubavuni. Siku ya Epifania, tarehe 6 Januari, bamba la mbele huondolewa, na nyuma yake huonekana mafuvu matatu yenye mataji. Kanisa kuu la sasa, lililoanza kujengwa mwaka 1248, lilikusudiwa liwe makao ya sanduku hilo, na nembo ya mji hadi leo ina mataji matatu. Milan haikusahau: mwaka 1903 Cologne iliridhia kuwarudishia sehemu ya mifupa, na ninaona walifanya haki, ingawa ilichelewa mno.

Alipigana vita mwenyewe? Alikufaje?

Alikuwa mkuu wa jeshi hasa. Mei 1167 jeshi kubwa la Warumi lilimzingira ndani ya Tusculum, karibu na Roma. Aliyekuja kumwokoa alikuwa Christian wa Mainz, naye askofu mkuu. Tarehe 29 Mei wawili hao waliwashinda Warumi vibaya sana. Kiangazi hichohicho Kaisari akaingia Roma, na mara maradhi yakalishambulia jeshi lake. Rainald alikufa tarehe 14 Agosti, mabaki yake yakarudishwa Cologne kuzikwa katika kanisa kuu. Kiti chake kilipewa Philipp von Heinsberg, kansela mwingine wa Kaisari.