Usukani haurudi wenyewe? Acheni reki ya watu kwanza

Jumamosi nimepita kwa vijana fulani pale Ndeeba, Kampala, wanaojiundia kigari chao cha mabomba, nikawakuta wamelala chini ya gari wanahangaika na boliti ya reki, kile chombo kinachosukuma magurudumu yakate kona, eti ukikata kona usukani unabaki hukohuko. Nikauliza, kasta mmepima, yaani ule mlalo wa mhimili ambao gurudumu la mbele linageukia? Wakaangaliana. Mungu wangu. Tangu Makerere watoe Kiira EV 2011 kila kijana mwenye mashine ya kuchomelea anataka gari lake, na mimi nafurahi kabisa, lakini jamani hilo kosa nilishalifanya na nikalilipia, nyie tafuteni la kwenu.

1. Kasta kwanza. Bolijointi, zile jointi za kichwa mviringo ambazo gurudumu linageukia, ya juu inakaa nyuma ya ile ya chini. Tazameni shingo ya boda ilivyolala, ndo inayofanya inyooke hata dereva akiachia mikono, na wanaachia, tunawaona. Kwa gari jepesi lisilo na usukani wa pawa mimi naweka nyuzi 5, yaani kama bolijointi zimeachana sentimita 25 ile ya juu irudi nyuma kama milimita 22.

2. Amu za juu, ile mikono inayoshika bolijointi za juu, ziandikeni alama. Hapa ndo penye aibu yangu. Zangu nilichomelea mwenyewe, bolijointi nikaisogeza kidogo isiwe katikati, makusudi ipate kasta, kwa hiyo amu ya kushoto haifungwi kulia. Nikachukua chaki, moja nikaandika K, ya kushoto. Nyingine nikaandika K. Ya kulia. Chekeni tu. Usiku umeme umekatika nafunga kwa tochi ya simu, naona K huku, naona K kule, nikasema fundi nimemaliza kazi.

Gari likatembea, usukani mwepesi ajabu, nikajisifu. Kwenye barabara iliyonyooka lilikuwa linatangatanga kama mlevi ila nikasema ni tairi. Siku ya pili nikampakia mjomba, ambaye ndo alitoa pesa ya injini, tukaingia raundabauti. Sasa mmezoea Corolla, ukitoka raundabauti unalegeza tu mikono, usukani unateleza kwenye viganja unarudi wenyewe. Nikalegeza. Haukurudi, tena ukazidi kujikata! Mjomba akasema "nyoosha" kwa sauti ndogo ya kanisani, nanyoosha nimeshachelewa, tukapanda ukingo tukaingia kwenye matoke ya mama mmoja, mikungu minne chini ya bampa. Hatukuwa na spidi, hakuna aliyeumia. Nikalipa minne yote, na mama kwa hasira akasema basi beba matoke yako. Mjomba akapanda boda akaniacha na mikungu.

Mnadhani nilijifunza? Miezi miwili nikailaumu reki. Nikaenda Kisekka, soko la vipuri, nikanunua nyingine, nikabadili tairodi endi zote, zile ncha za vyuma vinavyounganisha reki na magurudumu, nikalipia alaimenti mara tatu, kijana wa alaimenti ananiambia mbona magurudumu yamenyooka vizuri, na kweli yamenyooka, hakuna aliyetazama amu. Mpaka mzee mmoja fundi, amestaafu, hata koti la kazi hana, akaja kunisalimia tu. Akaomba timazi kwa mwashi aliyekuwa anajenga ukuta wa jirani, akashika uzi juu ya bolijointi ya juu, ile chuma ikaning'inia, ikaacha kucheza, ikasimama nyuma ya bolijointi ya chini... hapana, MBELE, mpaka leo nikikumbuka nachanganyikiwa, mbele kabisa vidole viwili. Mzee akanyamaza kidogo akasema, "Mwanangu, umelivisha gari viatu kinyume." Kubadilisha amu kulichukua asubuhi moja. Sikuhitaji hata senti.

Sa hizi naandika SH na LI, tena kwa patasi, chaki inafutika.

3. Kabla ya kulaumu kitu chochote pandisha mbele kwa jeki, toa tairodi, zungusha nako, kile chuma kinachobeba gurudumu, kwa mkono. Ikigoma ni bolijointi au bushi. Isipogoma zungusha usukani peke yake, ukigoma ni jointi za nguzo ya usukani au umekaza reki kupita kiasi. Dakika kumi.

4. Upepo wa tairi. Kigari cha kilo 550 hakihitaji upepo wa Corolla, anzia psi 20 ushuke taratibu.

5. Pimeni gari likiwa chini, dereva amekaa, tanki lina mafuta. Kuna mmoja wenu, anajijua, ameinua nyuma ili gari lionekane kali. Kwenye gari la urefu wa mita 2.3 kati ya ekseli, ukiinua nyuma sentimita 4 umekula nyuzi moja nzima ya kasta, halafu ananipigia saa tatu usiku kuuliza. Kijana ni mzuri, anachomelea kuliko mimi, ila hasikii.

6. Huna mashine ya kupimia? Kata gurudumu nyuzi 20 nje soma kemba, yaani gurudumu limeinamia ndani au nje kiasi gani, kwa simu, kata 20 ndani soma tena, tofauti zidisha kwa moja na nusu. Hiyo ndo kasta yako, karibu kabisa.

Wale wa Ndeeba nimewaahidi nitarudi Jumamosi na timazi. Ni ileile ya mwashi, sikuwahi kuirudisha, na tukikutana huwa ananiulizia.