Mwaliko wa Mwingereza una siku na saa

Kwa miaka minne nilipanga nyumba moja na dada wa Kicheki mjini Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Kwao ni Brno, mji wa Ucheki. Alikuja baada ya nchi yake kuingia Umoja wa Ulaya Mei 2004, Waingereza walipowafungulia Wacheki milango ya kazi. Mimi kwetu Tanga. Tulifanya kazi ghala moja, tukapikia jiko moja, na yaliyomsumbua yeye yamenifundisha mengi ambayo ningependa kumwambia kila anayejiandaa kwenda kuishi kule.

Cha kwanza kilikuwa salamu. Watu wa Leeds wakikutana nawe asubuhi husema "You all right?", yaani u mzima, huku wanapita. Yeye alidhani anaonekana mgonjwa. Kwao ukimuuliza mtu hali yake, unataka kujua kweli: atakwambia mgongo unamuuma, kodi imepanda, usingizi hapati. Basi akawa anasimama kueleza, na mwenziwe keshafika mwisho wa korido. Jioni moja nilimkuta jikoni, koti bado mwilini, hata taa hajawasha. Akaniambia, "Wananiuliza, halafu hawasikilizi."

Nikamweleza kwamba kwetu mtu ana homa ya kutetemeka, lakini ukimwambia hujambo atakujibu sijambo. Habari ni nzuri kwanza. Ugonjwa na msiba vitafuata mkishakaa. Hakuna anayedanganya hapo. Aliniuliza jambo hilo mara tatu, mpaka likamwingia. Kesho yake alijibu "You all right?" kwa "You all right?" ileile, na ndivyo wanavyojibizana wenyewe.

Ya mwaliko yalimuuma zaidi. Jirani yetu, mama wa makamo, alikuwa na mazoea ya kutwambia lazima tuje siku moja tunywe chai. Jumamosi moja mwenzangu akanunua maua matano (kwao idadi shufwa ni ya mazishini), akavaa vizuri, akaenda kugonga. Yule mama alifungua mlango na glavu za kuoshea vyombo mikononi, akayasifu sana maua, wakabaki wamesimama pale mlangoni, hakuna anayejua aseme nini. Mwenzangu alirudi uso umemwiva, akasema wote ni waongo.

Sikukubaliana naye, na mpaka leo sikubali. Kwetu ukipita barazani watu wanakula, watakwambia karibu chakula, nawe utasema ahsante, endeleeni. Umekaribishwa kwa moyo, lakini ukinawa mikono na kukaa, huenda ugali usitoshe. Mwaliko usio na siku, kwa Mwingereza, ni karibu ya namna hiyo. Jibu kwamba utafurahi sana, kisha subiri. Akiwa na nia atarudi na siku na saa, na hapo usichelewe hata kidogo.

Na kweli yule jirani alirudi: Alhamisi, saa kumi na moja jioni, mje kwa chai. Mimi niliyejifanya mwalimu nikala wali wangu mapema, nikiwaza kikombe na biskuti. Kumbe kule kaskazini wengi wakisema chai wana maana ya chakula cha jioni. Tulikuta meza imejaa pai ya nyama, viazi na njegere, na ilinibidi nile sahani nzima kwa heshima yake. Kwa hiyo uliza mapema kama utakuwa mlo.

Kazini jihadhari na neno "labda". Msimamizi akikwambia labda ungefikiria kuyahamisha yale maboksi, yahamishe sasa hivi. Mwenzangu alifikiria kama alivyoambiwa, akaona yakae palepale, akaandikiwa onyo. Alilia, na nilimhurumia sana, maana alikuwa mchapakazi kuliko sisi sote.

Baa nayo ina taratibu zake, hata kwa sisi wa soda. Ucheki mhudumu huacha kikaratasi mezani, akachora alama kwa kila bia, mkalipa mwisho. Uingereza mmoja huenda kaunta akanunulia wenzake wote raundi, kisha mwingine. Usiondoke kabla zamu yako haijafika.

Chakula cha mchana ni sandwichi ya baridi. Kwake mchana ni supu, kisha chakula cha moto. Kwangu ni wali. Tukawa tunabeba vya kwetu kwenye chupa ya kutunza joto, na mkate wake wenye kisibiti tulimtafutia duka la Wapolandi.

Mwaka wa mwisho tukiwa pamoja alimwalika yule jirani kwa Krismasi ya kwao, ambayo ni jioni ya tarehe 24, samaki na saladi ya viazi. Alimtajia siku na saa wiki tatu kabla. Kwao, kama kwetu, viatu haviingii ndani, na Waingereza wengi hukanyaga navyo mazulia; kwa hiyo alinunua ndara za sufu, akaziweka mlangoni. Mama wa watu alifika saa ileile, akaziona, akainama kufungua kamba za viatu vyake.