Gesi ya kupikia mlimani: maswali yenu na majibu

Tuko watatu, tunakwenda Kitulo mwezi Julai, tutalala siku mbili. Kopo moja la gesi litatosha? (Uyole)

Msihesabu siku, hesabuni maji. Kuchemsha lita moja hula gramu 10 hivi za gesi mahali palipotulia, na 15 au zaidi penye upepo na baridi. Uji, chai na ugali wa watu watatu ni kama lita tano kwa siku, na ugali bado unataka moto wakati wa kusonga. Kopo la gramu 220 litafika kwa kubahatisha. Bebeni mawili.

Alfajiri moto ulififia, na kopo bado lilikuwa zito. Tuliuziwa gesi mbovu? (Makambako)

Gesi ilikuwa nzima, baridi ndiyo iliyoizidi. Makopo marefu ya majiko ya mezani kwa kawaida hujazwa butani, na butani huacha kugeuka mvuke joto likikaribia nyuzi sifuri. Uwanda wa Kitulo uko mita 2,600 hivi, na Juni na Julai nyasi huamka na barafu. Tena kopo lenyewe huzidi kupoa kadiri gesi inavyotoka. Lichomoe jikoni, ulale nalo ndani ya blanketi. Asubuhi likalishe kwenye maji ya uvuguvugu. Ukipata kopo lililochanganywa propani, nunua hilo, maana propani hutoa mvuke hata kwenye baridi kali. Usilipashe kopo kwa moto kamwe. Wala usilizungushie jiko bati la kukinga upepo pande zote: joto hurudi kwenye kopo na linaweza kulipuka. Kinga upande mmoja tu.

Maharage yalimaliza gesi yakiwa bado magumu. Kwa nini? (Iringa mjini)

Kwenye mita 2,600 maji huchemka yakiwa na nyuzi 91 hivi. Ukiongeza moto hayapati joto zaidi, unachoma gesi bure. Mwalimu, maharage yapikwe nyumbani kabla ya safari, au beba dagaa na karanga. Viazi vikate vidogo. Wali ukikaribia kuiva, zima, funika, viringisha sufuria kwa sweta nzito, uache dakika 15. Mimi naona hapa ndipo gesi nyingi inapookolewa, kuliko kwenye jiko la bei kubwa.

Mafuta ya taa je? (Njombe)

Yanafaa sana kwenye baridi, kwa kuwa kwenye jiko la pampu presha unaipampu mwenyewe. Yabebe kwenye chupa ya chuma, mbali na unga.

Mvua ikinyesha, naweza kupikia ndani ya hema? (Tukuyu)

Hapana, dada yangu. Si gesi, si mafuta ya taa, si mkaa, hata makaa yaliyofifia. Hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi haina harufu, na huua watu usingizini. Fungeni turubai nje, pande ziwe wazi, mpikie hapo. Mvua ikizidi, kuleni mkate na karanga, mlale.