Kabla ya kununua maikrofoni nyingine, tafuteni chumba

Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikirekodi bendi jijini Nairobi, na swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na vijana wanaopiga roki nzito ni hili: wanunue maikrofoni gani ili albamu yao isikike kama zile za miaka ya 1970 ambazo wajomba zao wamezitunza kabatini. Jibu langu huwavunja moyo kidogo, kwa kuwa ninawaambia waziweke kwanza fedha hizo, watafute chumba, na wazifanyie nyimbo zao mazoezi mpaka waweze kuzipiga wote kwa pamoja, mwanzo hadi mwisho, bila kusimama. Jibu hilo nililipata baada ya kuiharibu albamu ya kwanza niliyokabidhiwa.

Walikuwa vijana wanne, na jukwaani walikuwa moto wa kuotea mbali. Nilimrekodi kila mmoja peke yake, nikiamini kwamba usafi wa sauti ndio ubora wenyewe. Mpiga dramu alianza, akifuata mlio wa metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye hedifoni. Siku tatu baadaye akaja wa besi, kisha wa gitaa, na mwimbaji akaja wiki ya pili kuimba mbele ya ukuta uliobandikwa sponji. Hakuna noti iliyopotoka, na hakuna aliyetaka kuisikiliza albamu ile mara ya pili, hata wao wenyewe. Mpiga dramu ndiye aliyenionyesha kosa: alisema kwamba jukwaani humtazama usoni mwenzake wa besi kila wimbo unapokaribia kugeuka, na kwangu hakuwa na uso wa kuutazama.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikirudia kisa cha bendi ya roki ya Deep Purple na albamu yao ya Machine Head. Mnamo Desemba 1971 Waingereza hao walikwenda Montreux, Uswisi, kando ya Ziwa Geneva, wakiwa wamekodi studio ya kuhamahama ya Rolling Stones, yaani lori lenye mitambo ya kurekodi ya traki 16 (njia 16 za sauti, kila moja ikirekodiwa peke yake). Walikusudia kurekodi ndani ya kasino ya mji huo, iliyokuwa ikifungwa kwa majira ya baridi. Tarehe 4, katika onyesho la mwanamuziki Mmarekani Frank Zappa, mtu mmoja miongoni mwa watazamaji alifyatua fataki kuelekea darini na jengo likateketea. Bendi ikabaki na lori, lakini bila chumba cha kupigia.

Walihamia kwanza katika ukumbi mmoja wa maonyesho ulioitwa Pavilion. Walipiga usiku kwa sauti kubwa kiasi kwamba majirani waliita polisi, na wasaidizi wa bendi wakaishikilia milango mpaka wimbo ulipomalizika. Hatimaye walipata hoteli ya Grand, ambayo ilikuwa tupu kwa sababu ya baridi, wakajipanga mwisho wa korido moja na kuiziba kwa magodoro ya hoteli hiyo hiyo, huku fundi wao, Martin Birch, akiwa ndani ya lori nje. Lililonigusa zaidi ni njia ya kulifikia lori hilo. Ilipita vyumbani na kwenye roshani, katika baridi kali, hata wanamuziki wakaacha kwenda kusikiliza kila walichorekodi. Walipiga, wakakubaliana wao kwa wao kwamba kimekaa sawa, wakaendelea. Kabla ya Krismasi kazi ilikuwa imekwisha, na Machi 1972 albamu ikatoka.

Hapo ndipo ninapowashauri kwa mkazo mkubwa: msikimbilie kompyuta. Katika studio zetu, wimbo ukimalizika hazipiti sekunde mbili kabla ya wote wanne kuinama mbele ya kioo cha kompyuta wakitafuta makosa kwa macho, na wakirudi kwenye vyombo mwili umeshapoa. Mimi sasa hukigeuza kioo kiangalie ukuta, na sikubali mtu yeyote asikilize kabla bendi haijapiga wimbo mzima mara tatu. Mara nyingi wanajua wenyewe, kabla sijasema neno, kwamba ni mara ya pili ndiyo iliyokuwa yenyewe.

Kuhusu chumba, pimeni kwa dramu. Mwacheni mpiga dramu apige pigo moja zito, nanyi mzunguke ukumbi mkisikiliza ni wapi sauti inapanuka na ni wapi inapogeuka matope. Led Zeppelin, bendi nyingine ya roki ya Uingereza, walifanya jambo la namna hiyo Headley Grange, nyumba ya zamani mkoani Hampshire, Uingereza, iliyojengwa mwaka 1795 kwa ajili ya maskini. Dramu za mpigaji wao, John Bonham, ziliwekwa kwenye ukumbi wa kuingilia, na fundi Andy Johns akaning'iniza maikrofoni mbili juu kwenye ngazi. Mngurumo unaosikika katika wimbo wa When the Levee Breaks ulitoka hapo. Ni nyumba yenyewe inayonguruma, pamoja na mwangwi kidogo ulioongezwa kwa mashine.

Bendi yangu ya pili ya roki niliipeleka kwenye ukumbi wa shule wakati wa likizo. Dramu zilikaa katikati, maikrofoni mbili zikasimama hatua nne kutoka hapo, na amplifaya tukazifungia stoo nyuma ya magodoro, ili wanamuziki wenyewe wasimame duara wakitazamana bila gitaa kuzizamisha dramu. Tulianza saa kumi na moja alfajiri, kabla matatu hazijaanza kupiga honi, na jenereta tuliiweka mbali, nyuma ya jiko la shule. Siku mbili zilitosha.

Zilitosha kwa sababu vijana wale walikuwa wamezipiga nyimbo hizo hadharani kwa mwaka mzima. Bendi ya Black Sabbath walirekodi albamu yao ya kwanza kwa siku moja tu, Oktoba 1969, lakini walikuwa wameshazipiga nyimbo hizo klabuni hata mikono yao ilizijua. Kama bado mnabishana kuhusu mpangilio wa wimbo, saa ya studio mnayolipia ni ya mazoezi.

Mtu anaweza kunipinga kwa mfano wa bendi ya Queen, ambao mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar. Bohemian Rhapsody ya mwaka 1975 ilijengwa kwa kuweka sauti juu ya sauti mpaka kanda ikachakaa. Naukubali mfano huo, na kazi yenyewe naipenda. Lakini Mercury aliingia studio akiwa na ramani ya wimbo kichwani, na msingi wa piano, besi na dramu waliupiga pamoja kwanza.

Jambo jingine ni mkwaruzo wa gitaa la umeme, yaani ile sauti ya kukwaruza inayotoka kwenye amplifaya au kifaa cha mguuni (distortion). Karibu kila mpiga gitaa anayekuja kwangu huufungua hadi mwisho, kisha analalamika kwamba gitaa linasikika dogo. Mkwaruzo ukizidi hulifuta lile pigo la kidole au plektra (kibao kidogo cha kuchapia nyuzi) kwenye waya, na bila pigo hilo hakuna uzito. Punguzeni nusu, pigeni kwa nguvu zaidi, na acheni besi ijaze sehemu ya chini.

Na wimbo wa kutangulizwa redioni msiuchague siku ya kurekodi. Deep Purple waliutoa kwanza Never Before wakiuamini kuliko nyingine zote, na Smoke on the Water, uliosimulia moto ule wa kasino, haukutolewa peke yake hadi mwaka 1973. Vijana wa ukumbi wa shule walitaka kuutupa wimbo wa tatu kwa sababu mpiga besi alikosea kuingia katika ubeti wa pili. Niliwaomba wakae wiki mbili bila kuusikiliza. Waliporudi, wao wenyewe waliuweka wa kwanza kwenye albamu, na kosa la besi tukaliacha lilivyo.