Re: Kampuni ya sutretansi (yenye inafanyiaka kampuni kubwa kazi) imetufukuza, nitafute kazi ingine ao nidai kwanza?

Pole yaya. Anza na dekonti finali (hesabu ya mwisho ya makuta yenye kampuni inapashwa kukulipa), usisaini karatasi yenye haujasoma, na omba atestasyo ya kazi (karatasi ya kuonyesha ulitumika kule), bakikatala enda ku inspeksyo ya travaye, biro ya serikali ya mambo ya kazi, maana ni kule kunaanziaka mbele ya tribinali, polepole kweli lakini njo njia. Kolwezi, kule ku migodi ya kobalti, usikimbilie na nauli ya deni: serikali ya Kongo ilizuia kobalti kutoka inchini tangu mwezi wa pili 2025, kisha mwezi wa kumi ikaweka kota (kipimo cha kobalti yenye inaweza kutoka), kwa hiyo benye kutafuta kazi ni bengi. Jiandikishe ku ONEM, biro ya serikali ya kutafutia batu kazi, lakini usikae kungojea simu yao. Mimi ningejifunza sudire (kuunga vyuma) ku INPP, kule serikali inafundishaka batu kazi za mikono, hata mu komini ya Kenya hapa Lubumbashi milango ya chuma inatengenezwa kila siku. Na mwenye kukuomba makuta ili akuingize kazini, huyo mwizi, muache.