Hager ni ya Mjerumani au Mfaransa?

Kaka wa Tukuyu, umeuliza hizi sakiti breka (swichi zinazokata umeme zenyewe kukiwa na shoti) za Hager ni za Mjerumani au Mfaransa, kiukweli ni za wote wawili na stori yake tamu sana. Kampuni ilianza 1955 pale Ensheim, Saarland, jimbo la Ujerumani lililo mpakani na Ufaransa, mzee Peter Hager na wanawe Hermann na Oswald. Sasa Saarland enzi hizo baada ya Vita vya Pili vya Dunia kiuchumi ilikuwa chini ya Ufaransa, hata hela walitumia faranga, soko la Ufaransa lilikuwa wazi kabisa kwao. 1957 ikarudi Ujerumani, halafu 1959 forodha na hela navyo vikahamia huko, yaani ghafla wateja wako wamebaki ng'ambo ya mpaka! Mwaka huohuo wakafungua kiwanda Obernai, upande wa Ufaransa. Mpaka leo ni mali ya familia, hapo ndo nawavulia kofia.

Ila ukienda sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kununua usiangalie jina tu, geuza breka uisome: C20 hiyo 20 ni ampea, na 6000 kwenye kiboksi ndo uwezo wa kukata shoti. Kama haina hizo namba iache hapohapo dukani.