Betri ya Haibridi Inapochoka: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Gari la haibridi, yaani lile linaloendeshwa na injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, likishapita miaka kumi, mwenyewe aanze kujiandaa kwa siku ambayo betri kubwa itaanza kusumbua. Siku hiyo ikifika, taa ya onyo huwaka kwenye dashibodi, na kabla injini haijapoa utakuwa umeshaambiwa kwamba betri imekufa na kwamba yupo mtu anayeziuza. Nimelitunza gari la aina hii tangu betri yake ya kwanza ilipokuwa na nguvu hadi ilipochoka na nyingine ikafungwa mahali pake, na ushauri wangu ni huu: usinunue betri wala kipande cha betri mpaka uwe umeviona kwa macho yako vipimo vya betri uliyonayo, kipande kwa kipande, gari likiwa linafanya kazi.

Dalili huitangulia taa. Katika gari langu, kipimo cha chaji ndicho kilichoanza kuyumba: kilikuwa kinajaa nikishuka mteremko mfupi tu, kisha kinaporomoka karibu kufika chini kabla sijamaliza kupanda kilima kinachofuata. Injini nayo ikawa inawaka mara kwa mara nikiwa nimesimama kwenye foleni, mahali ambapo zamani ilikuwa inazimika na kunyamaza, na feni iliyo ubavuni mwa kiti cha nyuma ikawa inavuma hata kukiwa na ubaridi. Sababu yake inaeleweka. Kompyuta ya gari haikubali betri ijae kabisa wala iishe kabisa. Katika haibridi nyingi zenye betri za nikeli huiweka kati ya asilimia 40 na 80 hivi, ili idumu. Seli, yaani vibetri vidogo vinavyounda betri nzima, zikipungua uwezo, hujaa upesi na kuisha upesi kuliko zilivyotazamiwa, na kompyuta inapoona kwamba hesabu yake ya chaji hailingani na volti inazozisoma, hulazimika kuisahihisha papo hapo. Kuyumba unakokuona kwenye dashibodi ndiko kusahihisha huko.

Hata hivyo, kabla ya kuigusa betri kubwa, pima ile ndogo ya volti 12. Katika haibridi nyingi betri ndogo haizungushi injini. Kazi yake ni kuziamsha kompyuta na kufunga rilei, yaani swichi za umeme, zinazouruhusu umeme wa betri kubwa utoke. Kwa hiyo betri ndogo iliyochoka haikupi ile dalili iliyozoeleka ya starta kuzunguka kwa uvivu. Badala yake dashibodi inajaa taa, za breki, za usukani, pengine hata za mfumo wa haibridi wenyewe, na gari linakataa kuwaka. Kipimo cha kawaida cha volti kinatosha kukata shauri: gari likiwa limelala usiku kucha, betri ndogo iliyo nzima husoma karibu volti 12.5 au zaidi, ikisoma chini ya 12 imeishiwa chaji au imechoka, na gari likishawaka kipimo kinapaswa kupanda hadi karibu volti 14. Wapo waliobadilishiwa betri kubwa nzima kwa ugonjwa wa ile ndogo, na hasara ya namna hiyo haina wa kuifidia.

Betri ndogo ikionekana salama, ndipo ichomekwe mashine ya kusomea hitilafu. Msimbo unaojitokeza sana ni P0A80, ambao kwa ufupi unataka betri ya haibridi ibadilishwe, na mafundi wengi huishia hapo. Lakini msimbo ni hukumu ya kompyuta tu. Ushahidi uko kwenye volti za makundi ya seli, na mashine yenye uwezo wa kusoma mfumo wa haibridi, au hata programu ya simu iliyounganishwa na kifaa kidogo chini ya usukani, itakuonyesha. Chukua mfano wa Toyota Prius ya kizazi cha pili, iliyoanza kuuzwa mwaka 2003: betri yake ina moduli 28, kila moduli ina seli sita za volti 1.2, jumla volti 201.6, na kompyuta huzisoma moduli hizo mbili mbili, yaani jozi 14. Gari likiwa limetulia, jozi zote huweza kuonekana sawa, ndiyo maana kipimo kilichochukuliwa wakati huo hakikusaidii sana. Mwambie fundi asome volti wakati mota inavuta kwa nguvu, kisha azisome tena wakati betri inachajiwa. Jozi zilizo nzima hushuka na kupanda pamoja. Ile yenye seli iliyokufa kabisa hubaki chini ya wenzake kwa volti moja na kitu, karibu na ile 1.2 ya seli moja, na ile yenye seli zilizopungua uwezo huporomoka kuliko wenzake ikivuta na huruka juu kuliko wenzake ikichajiwa. Katika gari langu ilikuwa jozi moja ya katikati, iliyoanguka kila nilipokanyaga mafuta, na majirani zake wakiifuata kwa mbali. Si ajabu kwamba ilikuwa ya katikati, kwa kuwa moduli za hapo zinabanwa na joto la wenzake pande zote mbili, na joto ndilo linalozimaliza betri za nikeli.

Kwa sababu hiyohiyo namsisitizia kila anayeniuliza aifungue feni. Betri hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, ambayo huvutwa kupitia tundu lililo pembeni mwa kiti cha nyuma, mahali ambapo abiria hurundika mabegi na makoti. Tulipoifungua ya kwangu, mapanga yake yalikuwa yamevaa utando wa kijivu wa vumbi na nyuzi za nguo, ulioshikana kiasi cha kubanduka kwa kucha kama kipande cha blanketi. Feni ya namna hiyo huzunguka na kupiga kelele ilhali hewa haipiti. Chini ya kifuniko cha betri, vibati vya shaba vinavyounganisha moduli vilikuwa na ukoko wa kijani, na kutu hiyo ikishaingia kwenye nyaya nyembamba za kusomea volti, kompyuta huweza kusoma uongo na kuwasha taa hata kama seli ni nzima. Kusafisha vibati na feni ni kazi ya lazima hata kwa anayenunua betri mpya.

Sasa uamuzi wenyewe. Kubadilisha moduli iliyokufa peke yake kunavutia kwa sababu gharama yake ni ndogo, lakini moduli zote zina umri mmoja na zimefanya kazi ileile. Iliyokufa imetangulia tu. Ukiitoa, ile iliyokuwa ya pili kwa uchovu inashika zamu, na baada ya muda si mrefu unaifungua betri tena. Mimi nilianza na njia hiyo nikijua kwamba nilichokuwa nikinunua ni muda wa kutafuta fedha za betri mpya, na kwa kusudi hilo ilinifaa. Anayeifanya ili auze gari bila kumwambia mnunuzi, huyo simshauri lolote.

Ukiifuata njia hiyo, usikubali moduli ichomekwe hivi hivi. Inayoingia ipimwe uwezo wake, si volti peke yake, kwa kuwa moduli iliyochoka ikitoka tu kuchajiwa huonyesha volti nzuri. Moduli mpya za Prius niliyoitaja zina uwezo wa ampea-saa 6.5, lakini jambo la msingi ni kwamba inayoingia ikaribiane na inazozikuta, maana zimefungwa kwa mfuatano na mkondo uleule hupita kwenye zote. Nguvu ya ziada ya moja haiwafai wengine. Kabla ya kurudishwa, moduli ziunganishwe sambamba kwa saa kadhaa, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, hadi volti zilingane. Wala zisichajiwe zikiwa zimelegea mezani, kwani hutuna. Fremu inayozibana ndani ya gari imewekwa kwa sababu hiyo.

Ipo pia huduma ya kuichaji betri nzima na kuimaliza taratibu, mara kwa mara, ili kuiamsha. Inaweza kurudisha sehemu ya uwezo, hasa kwa betri iliyokaa bila kutumika, lakini haifufui seli iliyopiga shoti ndani. Betri iliyotolewa kwenye gari jingine siipendekezi isipokuwa umeoneshwa vipimo vilivyochukuliwa ikiwa kazini, maana huenda umri wake ni sawa na wa ile unayoitoa. Anayekusudia kukaa na gari kwa miaka mingi anunue mpya, na kabla ya kulipa aulize kama seli ni mpya au ni za zamani ndani ya sanduku lililosafishwa. Jibu liandikwe kwenye risiti pamoja na muda wa waranti.

Kuifungua betri si kazi ya kujifunzia kwenye video, kwa sababu volti 200 zinatosha kuua. Fundi anayeijua kazi utamtambua kabla hajashika spana: huzima gari na kuuweka ufunguo mbali, hutoa waya wa hasi wa betri ndogo, huvaa glavu za mpira za umeme, huchomoa plagi ya rangi ya chungwa, husubiri angalau dakika 10 ili kapasita (vihifadhi umeme) za inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota, zimalize umeme uliobaki, na hata hapo hupima kwanza. Plagi hiyo huikata betri katikati tu. Kila upande bado umebeba umeme wake.

Taa ikiwaka ukiwa njiani, usizime gari mpaka ufike mahali salama, kwani haibridi nyingi huwasha injini kwa umeme wa betri kubwa na huenda lisiwake tena. Kwenye foleni usiweke gia ya N kwa muda mrefu, maana katika mifumo mingi betri haichajiwi hapo. Mafuta nayo yasikuishie, kwa kuwa gari litaendelea kujivuta kwa betri hadi liimalize.

Betri mpya ikishafungwa, gari lisikae miezi bila kuwashwa. Betri za nikeli hupoteza chaji zikiwa zimelala, na zikiisha kabisa huwezi kuziazimia umeme kwa nyaya kutoka gari jingine, kwani nyaya hizo ni za betri ndogo peke yake. Kuliwasha nusu saa kila baada ya wiki mbili au tatu kunatosha. Ile ya zamani usiiache nyuma ya gereji. Ndani yake mna majimaji ya alkali yanayounguza ngozi, lakini mna pia nikeli yenye thamani, na baadhi ya wauzaji huipokea na kupunguza bei ya betri mpya, kwa hiyo liulizie jambo hilo kabla fundi hajaibeba.